Mbiru: Kodi Iliyojaza Watu Same

Januari 1945 wanaume wa Usangi waliteremka milimani kwa miguu hadi Same, makao makuu ya Wilaya ya Pare, wakapiga kambi bomani kwa mkuu wa wilaya Mwingereza. Hawakubeba silaha. Walikuwa na dai moja: kodi iitwayo mbiru iondolewe. Watu wa tawala nyingine za Upare wakawafuata, wakawa maelfu, wakikaa kwa zamu ili mashamba nayo yasife. Hali hiyo ikaendelea kwa miezi.

Wengi wakisikia habari hii huitupa kwenye kapu la upinzani dhidi ya kodi za mkoloni, yakaishia hapo. Lakini Wapare hawakukataa kulipa. Kodi ya kichwa, ambayo kila mwanamume alitozwa kiasi kilekile, walikuwa wakiilipa, na walisema wako tayari hata iongezwe. Walichokataa ni kupimwa.

Tangu sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, enzi za Gavana Donald Cameron, Waingereza walitawala kupitia machifu. Upare ulikuwa na baraza la wafumwa, yaani machifu wa Kipare, tisa na hazina yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, vita vikiwa vinaendelea, hazina hiyo ilihitaji fedha zaidi, na likaja wazo kwamba kila mtu atoe kulingana na uwezo wake. Kodi hiyo ikapewa jina la ushuru wa jadi uliokuwa ukipelekwa kwa mfumwa, ili ionekane ya kwao.

Kwenye karatasi, wazo lilikuwa la haki. Mwenye kahawa na ng'ombe anapaswa kutoa zaidi ya mwenye mbuzi mmoja, na sidhani kuna mtu angesimama hadharani kulipinga hilo. Kazi ilikuwa kwenye kuupima huo uwezo. Karani ana mshahara, na mshahara una tarakimu. Mkulima wa milimani ana kahawa ambayo bei yake hupanda na kushuka, ana migomba, ana kishamba kinachotegemea zamu ya maji ya ndiva, bwawa la kienyeji la kumwagilia, pengine na ng'ombe anaowalea ambao si wake. Kipi kihesabiwe, na kwa uzito gani? Wakadiriaji walitakiwa kuyageuza yote hayo kuwa shilingi kadhaa, na mkadiriwa hakuelezwa walivyozifikia. Isitoshe, waliomkadiria walikuwa chini ya mfumwa. Mtu aliyewahi kugombana na wakubwa hao juu ya mpaka au mahari angejuaje kwamba ugomvi ule haukuingizwa kwenye hesabu?

Hapo ndipo kodi ya kiwango kimoja, pamoja na uonevu wake wote, ilipopendwa. Kila mtu aliweza kuikagua: akishajua alicholipa yeye, alijua na cha jirani.

Miongoni mwa viongozi alikuwamo Paulo Kajiru Mashambo wa Mamba, mwinjilisti wa Kisabato, tunda la misheni iliyoanza kazi Upare mwaka 1903. Ila tukio linalokumbukwa zaidi ni la wanawake wa Usangi. Walikuwa wamebaki na mashamba na watoto, na chakula cha waliokuwa Same kilitoka mikononi mwao. Walipochoka wakawakabili maofisa wa serikali na kuwaambia wamalize shauri waume zao warudi, la sivyo wawape mimba wao wenyewe. Hakuna ripoti ya wilaya iliyokuwa na safu ya kujaza hoja ya namna hiyo.

Mwanahistoria Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika kijitabu kizima juu ya mbiru mwaka 1971. Nadhani kingefaa sana mezani kwa maofisa utumishi, maana nao kazi yao ni kupima watu. Kwa miaka mingi mtumishi wa umma Tanzania alijaziwa na bosi wake taarifa ya siri ambayo yeye mwenyewe hakuiona. Mwaka 2004 ukaletwa Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, maarufu kama OPRAS: mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo na viashiria mwanzoni mwa mwaka, kisha wakakaa pamoja kutoa alama. Neno “wazi” halikuwekwa pale kwa bahati. Kwamba fomu nyingi zilikuja kujazwa harakaharaka ili mtu apandishwe cheo, hilo ni shauri jingine, na sasa mambo yamehamishiwa kwenye mfumo wa kompyuta.

Upare, serikali ilijaribu vitisho na ukamataji, haikufanikiwa. Kufikia 1947 mbiru ilikuwa imefutwa, na katika miaka iliyofuata mabaraza yakaanza kuingiza wajumbe wasio wafumwa. Upungufu wa hazina ukazibwa kwa kuiongeza kodi ya kichwa, kama waandamanaji walivyokuwa wamependekeza. Mwenye mbuzi mmoja akalipa zaidi ya alivyozoea, sawasawa na jirani yake mwenye kahawa.