Uhusiano wa vitu katika programu za kompyuta

Mtindo wa kuunda programu kwa vitu ulianzia Norway katika miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipobuni lugha ya Simula. Mjini Houston, kituo cha Johnson cha shirika la anga la Marekani, NASA, kilianza mwaka 1985 kutengeneza CLIPS, chombo cha kuundia programu zinazoiga maamuzi ya wataalamu. Mwaka 1991 kiliongezewa lugha ya vitu iitwayo COOL.

Kinachowatatiza wanaoanza ni namna vitu hivyo vinavyohusiana. Msemaji wa Kiswahili ana bahati: "ni" na "-na" humfikisha mbali. Tuchukue uwanja wa ndege wa Dallas/Fort Worth, uliofunguliwa mwaka 1974. Boeing 737 ni ndege, hivyo hurithi sifa za ndege. Ndege ina injini, lakini injini si ndege, wala hairithi chochote kwake. Uwanja nao una majengo ya abiria. Ukiondolewa katika programu, majengo huondoka nao. Ndege zilizoegeshwa hapo hazina budi kubaki, kwani uwanja ni mwenyeji wao tu. Mwanafunzi akizifunga kwa uwanja kama majengo, siku atakapoufuta atapoteza ndege zote pamoja na abiria waliomo, na aghalabu kompyuta haitamwonya.