Bildi ya babu na kisima cha mafuta

Babu alikuwa nahodha. Akiliingiza jahazi Bandari ya Kale, akipita mbele ya Fort Jesus, njia aijua kama chumba chake. Hata hivyo baharia wa mbele lazima atupe bildi, ile timazi ya kupimia kina, apaze sauti: pima tano! pima tatu! Babu akisikia, anageuza usukani.

Nimemkumbuka kwa sababu juzi barazani watu walibishana kuhusu mafuta ya baharini. Ati meli za kuchimba zikija tutatajirika. Jamani, zilishakuja! Mwaka 2012 kampuni ya Apache ya Marekani ilichimba kisima cha Mbawa-1 nje ya pwani yetu, ikakuta gesi isiyotosha biashara, ikaondoka.

Mimi utajiri siuwazi. Nawaza presha.

Mwajua, kisima cha mafuta huchimbwa kikiwa kimejaa tope maalumu, na uzito wa tope hilo ndio unaozuia gesi iliyobanwa chini. Likiwa jepesi, gesi yapanda. Likizidi uzito, mwamba wapasuka na tope lapotelea humo. Zamani wahandisi walikadiria presha kabla ya kuanza, kwa mawimbi ya mtetemo na habari za visima vya jirani, kisha wakachimba na makadirio yao (na dua, nadhani). Tangu miaka ya 1970 vipimio vikaanza kuwekwa karibu na keekee yenyewe, huko chini kabisa. Vyatuma habari juu kwa kulidundisha tope ndani ya bomba, kama mapigo ya moyo. Nambari ikifika, hesabu ya mwanzo yasahihishwa papo hapo.

Lakini nambari yataka mtu wa kuiamini. Tarehe 20 Aprili 2010, kwenye mtambo wa Deepwater Horizon, Ghuba ya Mexico, walijaribu presha ya kisima. Bomba likaonyesha pauni 1,400 kwa inchi ya mraba, na ilitakiwa sifuri. Wakaitafutia nambari ile sababu, wakaendelea na kazi. Usiku huo wakafa watu 11. Mafuta yakamwagika siku 87.

Kwa hivyo meli ikirudi huku, nyinyi ulizeni asilimia zenu. Mimi nitauliza hizo nambari zinazopanda kutoka chini nani mwengine anaziona saa ile ile, asiyelipwa na kampuni, na kama ana uwezo wa kusema simamisha. Wavuvi wetu wataambiwa lini?

Kwenye jahazi la babu, hata mpishi alisikia.