Vitaachia Tu, Kaka

Muuza duka aliniambia maneno machache tu na mimi nikamwamini: "Vitaachia tu, kaka. Hiyo ngozi!"

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda dukani mjini Moshi, mabuti mapya ya mlimani mguuni, kidole gumba cha kulia kimejikunja kama mtoto mrefu kwenye kitanda kifupi. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Sijatembea popote, sijabeba kitu, nimetoka kunywa chai kwa shangazi. Bei ilikuwa imeshuka mara mbili. Na rangi yake, msomaji, ilikuwa ile ya udongo ambayo ukiivaa na jinzi hata wasiokujua wanakusalimia. Nikalipa, nikatoka nayo miguuni, nachechemea kidogo lakini kwa maringo.

Siku nne baadaye nilikuwa kwenye njia ya Marangu, begi la mgeni kichwani. Ilikuwa likizo ya chuo, mfukoni hali mbaya, na mshikaji mmoja alikuwa ameniunganishia kazi ya upagazi. Wenyewe hawajiiti wapagazi, wanajiita wagumu. Mzigo unaoruhusiwa ni kilo 20. Siku ya kwanza, msituni mpaka Mandara, kisigino kilianza kunong'ona. Siku ya pili, tukielekea Horombo kwenye mita 3,720, kikaanza kupiga kelele, na jioni nilipovua soksi nikakuta lengelenge la ukubwa wa sarafu, limeshapasuka. Nikalifunga kitambaa, nikajipa moyo: vitaachia tu.

Lakini maumivu ya kupanda ni utani. Subiri kushuka. Kwenye mteremko mguu wote unateleza mbele ndani ya kiatu, na kila hatua kidole kinagonga ukuta. Gonga, gonga, gonga, kutoka Kibo hadi Horombo, na mzigo juu. Tulipofika nilikaa kwenye jiwe nikashindwa hata kufungua kamba. Mzee mmoja kati ya wagumu, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, alikuja akasimama mbele yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu vua, kijana."

Nikavua. Kucha ya kidole gumba ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Akaichukua buti, akaingiza mkono mpaka mwisho, kisha akaipima kwa nje na unyayo wangu. Soli ilikuwa fupi kuliko mguu uliovimba.

"Hiki kiatu hakigombani na ngozi yako," akasema. "Kinagombana na mfupa. Ngozi utailainisha. Mfupa utaupeleka wapi?"

Kucha iling'oka wiki tatu baadaye, nikiwa nimesharudi chuoni. Swali la mzee halikung'oka. Nikaanza kuliuliza maktaba, na nilichokikuta ni kwamba watu wamekuwa wakiambiwa "vitaachia tu" kwa karne nyingi, na wanaoambiwa ni karibu kila mara wale wanaobeba mzigo.

Anza na hili. Unaweza kudhani kiatu cha kushoto na cha kulia vimekuwepo tangu dunia iumbwe. Warumi walikuwa navyo, kweli. Lakini kuanzia miaka ya 1600, visigino vya juu vilipoingia Ulaya, kuchonga kalibu mbili za mti zinazotazamana, moja ya kila mguu, kukawa kazi ngumu yenye gharama. Mafundi wakaiacha. Kwa takriban miaka 200 viatu vingi vya Ulaya na Marekani vikawa vimenyooka tu, viwili vinavyofanana kama vipande viwili vya sabuni. Kipi kiingie mguu gani, shauri yako. Majeshini kulikuwa na desturi ya kuwataka askari wabadilishane, leo kushoto kesho kulia, ili soli ziishe sawasawa.

Hebu fikiria. Ukibadilisha kila siku, kiatu hakitaujua mguu wako hata siku moja. Kila asubuhi ni kipya. Lakini soli ilinunuliwa kwa fedha ya serikali, mguu ulikuja na mwenyewe.

Katika karne ya 19 kushoto na kulia vikarudi, mashine zikaingia, na viatu vikaanza kutoka kiwandani kwa maelfu, vimepangwa kwa namba. Ni maendeleo, sikatai. Bila namba mtu kama mimi asingemiliki buti. Ila zamani fundi aliupima mguu wako wewe. Sasa namba ikachukua nafasi ya fundi, na mguu usiolingana na namba ukaonekana ndio wenye kasoro.

Mtu aliyenishangaza kuliko wote ni daktari wa jeshi la Marekani, Edward Munson. Mwaka 1912 alichapisha kitabu kizima kuhusu mguu wa askari na kiatu cha jeshi. Kabla ya hapo, kwa takriban miaka minne, yeye na wenzake kwenye bodi ya jeshi walikuwa wamekagua miguu ya askari wapatao 2,000. Kosa kubwa walilolikuta lilikuwa lilelile la mzee wa Horombo: viatu vifupi na vyembamba mno, vinavyosukuma kidole gumba upande. Askari aliyeng'oka kucha haendi vitani, na hesabu ya majenerali ni hesabu ya wanaoweza kutembea. Kwa hiyo usidhani ilikuwa huruma. Ilikuwa hesabu.

Sikia alivyoagiza kiatu kipimwe. Askari asipimwe akiwa amekaa. Asimame, tena akiwa na mzigo wa ratili 40 mgongoni, yaani kilo 18 hivi, na uzito wote uwe kwenye mguu mmoja. Hapo mguu unapanuka na kurefuka, na hapo ndipo unapojua ukubwa wake wa kweli. Niliposoma mstari huo nilicheka peke yangu maktaba mpaka dada wa mezani akaniangalia vibaya. Kilo 18! Mzigo wangu ulikuwa 20. Na mimi nilipima buti nimekaa kwenye kigoda, tumboni chai na maandazi.

Na namna ya kulainisha buti mpya? Munson alisema askari asimame nazo kwenye maji ya kina cha sentimita sita hivi kwa dakika tano, mpaka ngozi ilowe na kulegea, kisha atembee saa nzima kwenye tambarare zikimkaukia mguuni. Ngozi ikikauka inashika umbo la mguu uliomo. (Usijaribu kwa mabuti ya siku hizi yenye utando wa kuzuia maji. Utando unaozuia maji kuingia unayazuia pia kutoka, utakuwa unatembea na ndoo mbili.) Angalia mpangilio wake lakini: kwanza kipimo, halafu maji. Ngozi iliyolowa hupanuka ubavuni, hukubali kifundo, hukubali sugu. Urefu hauongezeki. Hakuna maji wala mafuta wala wiki mbili za kuzunguka nazo uani zitakazoigeuza namba 41 kuwa 43. Muuza duka wangu alisema kweli kuhusu ngozi. Alinyamaza tu kuhusu urefu, na mimi sikumuuliza kwa sababu ya ile rangi.

Miaka miwili baada ya kitabu hicho vita ikafika kwetu.

Kati ya 1914 na 1918 Waingereza walikusanya wapagazi zaidi ya milioni moja kwa ajili ya vita vya Afrika Mashariki, wengi wao kwa nguvu. Waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 90,000, na wengi hawakuuawa na risasi, waliuawa na maradhi na njaa. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na kumbukumbu zao ni chache zaidi. Umati huu ulitembea peku. Hata askari wengi wa King's African Rifles waliingia vita ile bila buti. Na ardhi yenyewe ilikuwa na adui mpya: funza, mdudu wa Amerika ya Kusini aliyeshushwa na meli pwani ya Angola mwaka 1872, akalivuka bara na njia za misafara, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshafika huku kwetu. Funza akiingia chini ya kucha na mtu analazimika kuendelea kutembea na mzigo, vidole vinaoza. Hakuna aliyekuja kupima miguu 2,000 ya wapagazi.

Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Litamke haraka haraka, na ulimi wa Kiswahili. Ndiyo, Kariakoo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 kambi ya wapagazi ikawekwa pale, na jina likabaki. Nairobi nako kuna Kariokor yao. Nimenunua raba, ndala na viatu vya shule pale Kariakoo tangu nikiwa mdogo, nimebishana bei mpaka jasho, na sikuwahi kufikiria kwamba nasimama juu ya kambi ya watu waliovuka nchi kwa nyayo tupu.

Kuna hoja iliyotumika kulihalalisha jambo hili, na bado utaisikia: mguu wetu ni mgumu, hauhitaji kiatu. Nusu yake ni kweli, ndiyo maana inaudhi. Mguu uliokua peku hutandaa mbele, vidole huachana, ngozi ya unyayo huwa nene. Mguu wa namna hiyo unatembea vizuri. Lakini ugumu wa ngozi hauzuii baridi, hauzuii funza, na siku utakapopewa buti iliyochongwa kwa mguu mwembamba wa Ulaya ndipo utakapoteseka kuliko wote. Askari wetu wa Vita ya Pili, waliopelekwa mpaka Burma wakiwa na mabuti, wengi walikuwa wamekulia peku. Mtu wa miaka 20 ambaye vidole vyake havijawahi kubanwa anapewa namba, anaambiwa atembee. Nadhani naijua sentensi aliyoambiwa.

Mtu aliyelijibu jambo hili kwa ufupi kuliko wote ni Abebe Bikila wa Ethiopia. Mwaka 1960 alifika Roma kwa mbio za marathoni za Olimpiki. Viatu alivyopata kule havikumkaa vizuri. Angeweza kujiambia vitaachia tu njiani, kilomita 42 si chache. Akaviacha. Alikuwa ameshazoea kufanya mazoezi peku, basi akakimbia peku, usiku, barabara za mawe za Roma, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi ya dunia. Watu wengi husimulia kisa hiki kama sifa ya mguu mtupu. Mimi sikisomi hivyo, kwa sababu Tokyo mwaka 1964 alivaa viatu, akashinda tena, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Hakuwa na ugomvi na viatu. Alikuwa na ugomvi na viatu vibaya.

Wapanda milima wa Ulaya nao walilipa. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kilimanjaro Oktoba 1889, viatu vya kazi hiyo vilikuwa vya ngozi nzito, soli zimepigiliwa misumari. Misumari inashika lakini inapitisha baridi mpaka mfupani, kwa hiyo kwenye miamba mirefu watu walibadilisha na kuvaa viatu vyepesi. Mwaka 1935 Mwitalia Vitale Bramani alipoteza wenzake 6 kwenye mlima Punta Rasica, hali ya hewa ilipowageukia wakiwa na viatu visivyoifaa. Akarudi akaunda soli ya mpira yenye meno, iliyoanza kuuzwa 1937. Geuza buti yoyote ya mlimani uliyonayo, meno utakayoyaona chini ni wajukuu wa soli ile.

Pale Moshi kuna mradi unaoitwa Kilimanjaro Porters Assistance Project, ulioanza 2003, unaowaazima wagumu nguo na mabuti bila malipo. Ni jambo jema, na lilichelewa: kutoka 1889 mpaka 2003 ni miaka 114.

Nilirudi Moshi likizo iliyofuata, kucha mpya imeota, nyembamba kama karatasi. Safari hii sikwenda dukani asubuhi. Nilisubiri saa kumi na moja jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kuzunguka mjini siku nzima. Nilivaa soksi mbili nene. Na mgongoni nilikuwa na begi la shangazi lenye kilo 18 za unga wa sembe, nilizopimiwa kwenye mizani ya soko.

Muuza duka alikuwa yuleyule. Akanitazama kuanzia chini mpaka begini.

"Unahama, kaka?"

"Hapana, mangi. Nataka buti."

"Karibu kigoda, kaa basi."

"Sikai," nikamwambia. "Niletee 43, na ubao niusimamishe niwe kama nashuka."

Akacheka, akawaita na wenzake wa duka la jirani waje waone. Nikafunga kamba, nikapanda juu ya ubao, uzito wote kwenye mguu wa kulia, nikasubiri kidole kigonge.