Waraka, Leseni na Mali Kauli: Mfanyabiashara Mdogo wa Tanga Mbele ya Sheria

Mafunzo ya ujasiriamali wanayopewa vijana wetu hufanana karibu kila mahali. Zamu ya sheria inapofika, mada huwa leseni, namba ya mlipakodi na usajili wa jina la biashara BRELA. Yote hayo ni ya lazima, lakini yanahusu mtu na dola. Kinachoziua biashara changa mara nyingi ni mambo ya mtu na mtu: mali kauli isiyolipwa, arbuni isiyorudishwa, mwenye fremu anayepandisha kodi katikati ya mkataba, mshirika anayeondoka na mtaji. Nadai kwamba upungufu huu una historia yake, na historia hiyo inasomeka vizuri katika mji wa Tanga.

Katika karne ya 19 biashara ya Pwani ilisimama juu ya deni, na deni lilisimama juu ya waraka. Mkopaji aliweza kuuza shamba au nyumba yake kwa bei ya khiyari, yaani kwa sharti la kuirudisha mali yake akirejesha fedha katika muda uliokubaliwa. Hati iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, mashahidi wakatajwa, na mgogoro ukapelekwa kwa kadhi. Sina nia ya kuupamba ukale. Wapo waliopoteza mashamba kwa hati hizo, na watumwa walihesabiwa humo kuwa mali. Hata hivyo, mfanyabiashara alijua karatasi yake inasema nini na mlango wa kubisha ni upi.

Ukoloni ulibadilisha mwenye karatasi. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, nayo ikatoa makarani, walimu na maakida. Ndipo lilipozaliwa gazeti la Kiongozi mwaka 1904. Chini ya Waingereza, makarani wa mji huohuo, wakiongozwa na Martin Kayamba, waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali mwaka 1922. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini tuone nani alifundishwa kusoma sheria: aliyetarajiwa kuitumikia. Mchuuzi hakuwamo. Hata ramani ya mji ilisema hivyo: Raskazone, penye upepo wa bahari, palikuwa makazi ya Wazungu, na Ngamiani palikuwa makazi na soko la Waafrika.

Mwaka 1923 ikaja sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Deni ambalo asiye Mwafrika alimkopesha Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani bila idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali. Ilielezwa kuwa ni kinga dhidi ya walanguzi. Matokeo yake ni kwamba mfanyabiashara Mwafrika alihesabiwa kama mtoto asiyeweza kufunga ahadi, na wenye mali wakasita kumkopesha. Wakati huohuo mikataba ya biashara iliongozwa na sheria ya India ya mwaka 1872. Mwaka 1961 tulitunga Sheria yetu ya Mikataba, lakini sehemu kubwa ya maudhui yake ilitokana na ile ya India, na lugha yake ilikuwa Kiingereza.

Baada ya Uhuru mchuuzi aliendelea kukutana na sheria kwa sura ya kibali. Sheria ya Leseni za Biashara ilitungwa mwaka 1972. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilimfanya asiye na kazi inayotambuliwa awe mshukiwa. Desemba 2018 vilikuja vitambulisho vya wajasiriamali, kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Vilimpunguzia mchuuzi bughudha, lakini havikumsaidia kumdai aliyechukua mzigo wake bila kulipa.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, hatua ya kupongezwa. Lakini msaada huo umekusudiwa mtu asiye na uwezo. Kijana mwenye friji moja na pikipiki ya mkopo si fukara wa kuhudumiwa bure, wala hana fedha za wakili. Amebaki katikati.

Kwa hiyo napendekeza mafunzo yaanzie kwenye ahadi na deni. Kijana ajue kwamba makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, lakini kuyathibitisha ni kazi nyingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ajizoeze kuandika ukurasa mmoja wenye majina, bidhaa, bei, tarehe na mashahidi. Ajue kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa simu kuwa ushahidi, hivyo asiufute. Ajue kwamba kwa kawaida shauri la mkataba lina ukomo wa miaka 6, na kwamba Mahakama ya Mwanzo huendesha mashauri kwa Kiswahili. Na kabla ya kikundi chake kuchukua mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, wanachama waisome katiba yao kwa sauti, kifungu kwa kifungu, wakijiuliza nani atalipa mmoja akitoroka.

Jambo hili ni la sasa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, ng'ambo ya maji kutoka mjini, na kazi za namna hiyo huja na mikataba ya chakula, usafiri na ulinzi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Maofisa maendeleo ya jamii, vyuo vyetu na wasaidizi wa kisheria wana kila sababu ya kukaa meza moja na kuandaa somo hilo kabla vijana wa Tanga hawajatia saini.