Ripoti ya Shule ya Kanisa: Yaandikwa kwa Ajili ya Nani?

Makala haya yanajibu swali moja: tangu makanisa yalipofungua shule za msingi nchini Kongo, ni nani aliyepaswa kuarifiwa juu ya maendeleo ya wanafunzi, na kwa lugha gani? Tutatazama hasa shule za Kikatoliki, na mifano yetu itatoka Katanga.

Chanzo ni mapatano ya tarehe 26 Mei 1906 baina ya Dola Huru la Kongo na Vatikano. Kila kituo cha misioni kilipewa hektari 100 hadi 200 za ardhi, nacho kikawajibika kufungua shule. Mkuu wa misioni alitakiwa kumpelekea Gavana Mkuu taarifa kwa nyakati maalumu: shule zimepangwaje, wanafunzi ni wangapi, masomo yamefikia wapi. Lugha za taifa la Ubelgiji ziliwekwa kuwa sehemu ya lazima ya mafundisho. Basi ripoti ya kwanza ilielekea juu, kwa mtawala, na kwa lugha ya mtawala.

Kanuni za mwaka 1929 zilikaza mwelekeo huo. Misioni zilizohesabiwa kuwa za kitaifa, yaani za Kikatoliki hasa, zilipata ruzuku kwa sharti la kukaguliwa. Za Kiprotestanti zilingoja hadi mwaka 1948. Huko Katanga, shule za kambi za Union Minière zilikuwa mikononi mwa Wabenedikto, na kampuni nayo ilitaka kujua watoto wa wafanyakazi wake wanalelewaje. Serikali, kampuni na misioni zilisoma ripoti. Mzazi hakuwa miongoni mwa waliohesabiwa.

Mzazi anayo buletini. Humo mna alama za juu kabisa za kila somo, alama alizopata mtoto, asilimia, nafasi darasani, bidii na mwenendo, na mahali pa kutia sahihi. Yote yameandikwa Kifaransa, ingawa mtoto wa Lubumbashi huanza masomo kwa Kiswahili. Pengo hilo huzibwa na sherehe ya kutangaza matokeo, ambayo kwa desturi hufanyika tarehe 2 Julai. Majina husomwa hadharani, watu hushangilia, nao wazazi huelezana kwa Kiswahili nani amepita na nani atarudia darasa. Hapo ndipo ripoti inapomfikia mzazi kweli. Lakini inamfikia ikiwa imepungua: asilimia 55 inamwambia kwamba mtoto amepita, haimwambii kama mtoto huyo anaweza kusoma barua.

Mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ilitaifisha shule. Kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 ikarudisha usimamizi kwa makanisa, nayo ikabaki na programu, ukaguzi na mishahara. Mishahara ilipokuwa si kitu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi wakaanza kuwalipa walimu nyongeza. Kulipa kuliwapa sauti katika kamati za wazazi, lakini pia kulifanya buletini kuwa rehani: mara nyingi mtoto mwenye deni alinyimwa. Karatasi iliyokusudiwa kuarifu ikageuka chombo cha kudai.

Tangu Septemba 2019 serikali imetangaza elimu ya msingi katika shule za umma, zikiwamo za makanisa zilizo chini ya mkataba, kuwa bila malipo. Rehani imepoteza uhalali wake, na hilo ni jema. Hata hivyo, mzazi asiyelipa asije akahesabiwa tena kuwa mtu asiye na haki ya kuuliza. Haki yake haikutokana na fedha. Inatokana na mtoto.

Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia. Ikiwa Kiswahili chafaa kumfundishia mtoto, chafaa pia kumwelezea mzazi wake, kwa sentensi chache zilizo wazi, kile ambacho mtoto amekwisha kujifunza na kile kilichobaki. Hapo ripoti, iliyopanda juu kwa zaidi ya miaka 100, itakuwa imeshuka hadi nyumbani.