Konti isiyolipiwa katika koperative ya akiba huko Marekani

Jamaa nyingi za Uvira, Fizi, Bukavu na Goma zina mtoto au ndugu aliyepokelewa Marekani kama mkimbizi. Wengi wao walikulia katika desturi ya kuficha feza nyumbani, na si ujinga: wazee wanakumbuka Desemba 1979, noti za zaïre 5 na 10 zilipofutwa na watu wakapewa siku chache tu kuzibadilisha.

Lakini kule, kukosa konti ni hasara. Mshahara ukitolewa kwa sheki, asiye na konti huipeleka dukani ili apewe feza mkononi, na duka linakata sehemu yake. Tuseme linakata 2 kwa 100: sheki ya dola 600 inapoteza 12. Akilipwa kila majuma mawili, kwa mwaka ni dola 312. Hapa kwetu, hiyo ni feza ya masomo ya mtoto.

Koperative ya akiba na mkopo, ambayo mlangoni imeandikwa Credit Union, ni mali ya wanachama wenyewe. Kila mmoja ana kura moja, na faida inasaidia kupunguza malipo na riba ya mikopo. Nyingi zina konti ya matumizi isiyokatwa kitu kila mwezi, hata ikibaki na dola chache. Mwajiri huingiza mshahara humo moja kwa moja. Kuingia, mtu huweka hisa ndogo, mara nyingi dola 5 hadi 25, na inabaki yake. Kila koperative ina watu wake: wakaaji wa eneo fulani, wafanyakazi wa kampuni fulani, pengine washiriki wa kanisa.

Atafute alama ya NCUA, shirika la serikali. Koperative ikianguka, bima hiyo, iliyoanzishwa 1970, humrudishia mwanachama hadi dola 250 000.

Si kila kitu ni bure. Kutoa feza kupita zilizomo kunaweza kuleta faini ya dola 25 au 30, na kutuma feza Kongo kuna bei yake. Aulize kabla ya kutia sahihi.

Mimi naogopa jambo lingine zaidi. Kuna watu, hata wanaotaja jina la Bwana, wanaompa mgeni sheki aiweke kwenye konti yake, kisha awarudishie sehemu haraka. Feza inaonekana upesi, lakini baada ya siku kadhaa au majuma sheki inagundulika ni ya uongo, na mwenye konti ndiye anayedaiwa yote. Aikatae. Na namba ya siri ya kadi asimpe mtu, hata mchungaji wake.