Tarehe ya Mabango ya San Francisco

Mwaka 1966 mji wa San Francisco, pwani ya magharibi ya Marekani, ulikuwa na kumbi mbili za muziki wa roki zilizogombea wateja. Fillmore ilikuwa mikononi mwa Bill Graham, Myahudi aliyezaliwa Berlin mwaka 1931 na kuingia Marekani utotoni akiwakimbia Wanazi. Avalon iliendeshwa na Chet Helms, kijana wa Texas, kwa jina la Family Dog. Graham alikuwa mfanyabiashara hasa. Helms alitanguliza mapenzi ya muziki, hesabu ikafuata nyuma. Wote wawili walihitaji bango jipya kila wiki la kuwaarifu vijana nani anapiga Ijumaa na Jumamosi.

Kazi hiyo ilianza na Wes Wilson, kijana wa kiwanda cha chapa aliyewachorea mahasimu wote wawili. Wilson alikuwa ameziona herufi za Alfred Roller, mchoraji wa Vienna wa mwanzoni mwa karne ya 20, aliyezinenepesha hadi zikabanana kama matofali ukutani. Akazichukua, akazilegeza. Bango lake la Julai 1966, lililotangaza kundi la The Association, lina herufi nyekundu juu ya kijani, na majina yote yamegeuzwa ndimi za moto zinazopanda juu. Mwenye haraka huona moto tu. Anayetaka kujua nani anapiga sharti asimame, ainamishe shingo, afuate herufi moja moja.

Wafanyabiashara wengi wangemfukuza mchoraji wa namna hiyo. Mimi naona hapo ndipo ulipolala ufundi wote. Bango la Wilson halikumwita kila mtu. Lilimwita yule aliyeupenda muziki kiasi cha kutoa dakika tatu kwa kipande cha karatasi. Na aliyekwisha kulifumbua hakutaka kuliacha pale. Mabango yalibanduliwa nguzoni na madirishani gundi haijakauka, yakapelekwa kupamba vyumba. Graham alipoona yanatoweka alielewa kwamba ana bidhaa nyingine mkononi, akaanza kuyauza.

Victor Moscoso alikuja kwa njia tofauti. Alizaliwa Hispania, akakulia Brooklyn, akasoma Chuo Kikuu cha Yale chini ya Josef Albers, bingwa wa elimu ya rangi. Shuleni walifundishwa kuepuka kugusanisha rangi mbili zinazopingana zenye nguvu sawa, kwa kuwa jicho hushindwa kutulia na mipaka huonekana kutetemeka. Moscoso alikwenda kinyume kwa makusudi. Tazama kazi zake za mwaka 1967 alizoziita Neon Rose: nyekundu imekaa ubavuni mwa buluu bila mstari wa kuzitenganisha, nawe unaona karatasi inacheza. Mtu aliyekuwa ametoka ukumbini usiku, taa na magitaa bado vinazunguka kichwani, aliiona hali ile ile ukutani asubuhi.

Alton Kelley na Stanley Mouse walifanya kazi pamoja. Mouse alikuwa ameanza kwa kuchora fulana za wapenzi wa magari ya mashindano. Mwaka 1966 walitakiwa kuchora bango la kundi la Grateful Dead kwa ajili ya Avalon, tarehe 16 na 17 Septemba. Wakapekua vitabu maktabani, wakakutana na mchoro wa Mwingereza Edmund Sullivan wa mwaka 1913: kiunzi cha mifupa kilichovikwa taji la waridi. Sullivan aliuchora kwa ajili ya Rubaiyat za Omar Khayyam katika Kiingereza cha FitzGerald, na ni hizo hizo alizotufasiria Shaaban Robert kwa Kiswahili. Kelley na Mouse wakaupaka rangi na kuuzungushia herufi. Tangu hapo mifupa na waridi vikawa nembo ya kundi lile hadi leo.

Bonnie MacLean, mkewe Graham, husahauliwa, na si haki. Alikuwa akiandika kwa chaki ubao wa matangazo ndani ya Fillmore. Wilson alipoachana na Graham mwaka 1967 kwa ugomvi wa malipo, MacLean akashika kalamu, akatoa mabango yenye nyuso tulivu za watu wanaokutazama bila kupepesa. Kazi yake haina deni kwa mwanamume yeyote katika orodha hii.

Kisha mashabiki wenyewe wakawa wachoraji. Ndani ya albamu ya 1971, yenye mifupa ile ile jaladani, Grateful Dead waliwaomba wapenzi wao wawaandikie barua, na barua zikamiminika. Miaka iliyofuata, nje ya kila onyesho palikuwa na soko: fulana za batiki zilizofungwa na kuchovywa kwa mkono, mafuvu yenye radi utosini, vibandiko vya gari. Fuvu lile lenyewe lilitokana na shida ndogo. Kwenye matamasha masanduku ya vyombo yalifanana, hivyo mwaka 1969 fundi wao wa sauti, Owsley Stanley, akataka alama ya kuyatambua, na Bob Thomas akaikamilisha.

Sanaa hiyo ilifika mbali. Mwaka 1992 Lithuania, iliyokuwa imetoka tu mikononi mwa Umoja wa Kisovieti, haikuwa na fedha za kutosha kupeleka timu ya mpira wa kikapu kwenye Olimpiki ya Barcelona. Grateful Dead wakachangia. Wachezaji wakapelekewa pia fulana za batiki zenye rangi za bendera ya nchi yao, zikiwa na kiunzi cha mifupa kikitumbukiza mpira, mchoro wa Greg Speirs. Walithuania waliifunga timu ya nchi zilizokuwa za Kisovieti, wakapanda kupokea shaba wakiwa wamezivaa fulana zile.

Mchoraji mwenzao Griffin, aliyechora jicho lenye mabawa kwa onyesho la Jimi Hendrix mwaka 1968, alifariki mwaka 1991. Kelley mwaka 2008. Wilson na MacLean waliondoka mwanzoni mwa 2020. Fillmore ingali inafanya kazi, na usiku ambao tiketi zote zimeuzwa, kila anayetoka mlangoni hupewa bango bure.